Siku ya Kupanda Mlima si Siku ya Kufunga

Kila mvua zinapopungua, kuelekea mwezi wa sita, makanisani hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, tangazo huwa ni lile lile: vijana, korale, wamama wa maombi, Jumamosi tunapanda mlima kumtafuta Mungu, mfungo kavu, bila chakula wala maji, kuanzia Alhamisi. Mwanzo wa tangazo hilo nauunga mkono kwa moyo wote. Kijana anayeshinda wiki nzima mtaani Kadutu, katikati ya kelele, vumbi na habari za vita, anahitaji siku moja ya kutembea msituni na wandugu zake, asikie pumzi yake na aombe bila haraka. Mwisho wake ndio ninaoupinga. Mfungo kavu na mlima mrefu visikutane siku moja katika mwili mmoja, na kiongozi wa kundi aliseme hilo waziwazi, mbele ya kanisa, kabla watu hawajaandikisha majina.

Tuutazame mlima wenyewe. Bukavu iko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Kahuzi, mlima tunaoupanda, kiko mita 3,308. Kwa kila mita 100 unazopanda, joto hushuka takriban nyuzi 0.6. Mji ukiwa na nyuzi 22, kule juu zitabaki kama 11, na hapo hujahesabu upepo wala shati lililolowa jasho. Hewa nayo ni nyepesi: kila pumzi ya kileleni ina oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na ya mjini. Mtu huhema zaidi, na kwa kuhema hupoteza maji. Misuli inachoma sukari, na aliyeshinda siku nzima bila kula ameshatumia sehemu kubwa ya akiba iliyo kwenye ini. Aliyekaa siku mbili bila hata tone la maji anafika chini ya mlima akiwa tayari amepungukiwa.

Njaa yenyewe watu wanaivumilia. Kinachonitisha ni jinsi dalili zinavyofanana. Ugonjwa wa mwinuko, ambao huanza kuwapata baadhi ya watu kuanzia mita 2,500 hivi, huja na kichwa kuuma, kichefuchefu, kizunguzungu na uchovu. Upungufu wa maji huja na kichwa kuuma na kizunguzungu. Sukari ikishuka, mtu hutetemeka, hutokwa na jasho baridi, hukasirika bila sababu. Baridi ikimwingia, hutetemeka, ulimi huwa mzito, miguu hujikwaa. Kundi likiwa limekula na kunywa vizuri, mtu akiumwa kichwa kwenye mita 3,000 kiongozi anajua la kufanya: amsimamishe, apumzike, na asipopata nafuu ashushwe mita 300 hadi 500. Kundi likiwa limefunga, kiongozi anabahatisha.

Na katika kundi la maombi kuna kubahatisha kubaya zaidi. Mtu anatetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Anazungukwa, anawekewa mikono, pepo anakemewa nusu saa nzima, naye amelazwa kwenye majani yaliyolowa. Nusu saa hiyo ndiyo mwili unayoitumia kupoteza joto lililobaki. Kabla ya kukemea chochote, mwambieni afunge zipu ya koti lake. Tazameni vidole: vinakamata, vinateleza, vinarudi tena, na mwenyewe anaangalia pembeni kama vile hajali. Kisha atembee hatua kumi kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akiyumba, kupanda kwake kumeishia hapo. Mvueni nguo mbichi, mvikeni kavu, mfunikeni kichwa. Kama anameza vizuri, mpeni chai yenye sukari nyingi. Watu wawili wenye nguvu washuke naye. Ombeni huku mnafanya hayo yote. Hakuna aliyekataza mikono na midomo kufanya kazi pamoja.

Najua jibu linalotolewa: Eliya alikwenda siku 40 hadi Horebu. Ni kweli, lakini tusome sura yote, 1 Wafalme 19. Kabla ya safari hiyo malaika alimwamsha mara mbili ili ale mkate uliookwa juu ya makaa na kunywa maji ya gudulia, na sababu akaitaja: safari ilikuwa kubwa mno kwake. Sijui kwa nini mahubiri yetu hupenda kuanzia kwenye zile siku 40 na kuuruka ule mkate.

Anayetaka kufunga kwa ajili ya safari, afunge Jumatano na Alhamisi. Alhamisi jioni afungue kwa uji mwepesi na ndizi, Ijumaa ale milo mitatu na kunywa maji hadi mkojo uwe na rangi hafifu, Jumamosi apande. Aliyefunga siku tatu au zaidi anahitaji angalau siku mbili za kula kabla ya kuvaa bote. Na anayetaka kujinyima kitu siku yenyewe ya mlima, Danieli ametuachia mfano: aliacha chakula kitamu, nyama na divai. Naye aache nyama, soda na simu, lakini maji na vyakula vya kutia nguvu asiviache. Mwenye kisukari au mjamzito azungumze kwanza na daktari. Aliyetoka kuugua malaria wiki hiyo hiyo abaki nyumbani.

Uji mzito wa mahindi na soya, na yai au sambaza (samaki wadogo wa ziwani) wachache, uliwe saa mbili kabla ya kuanza kupanda. Bugali (ugali) wa kushiba tuuache hadi jioni, maana tumbo zito na mteremko mkali havipatani. Maji ni lita mbili na nusu hadi tatu kwa kila mtu, na kila mtu abebe yake. Lile bidoni la pamoja la lita 20 ni kosa linalorudiwa kila mwaka: anayelibeba hubaki nyuma, na wenye kiu wako mbele. Lita moja kati ya hizo itiwe vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, visiwe vya mlima. Chumvi ikizidi, mtu hutapika na kiu huongezeka. Kikombe kimoja kila nusu saa, na gao la karanga au ndizi mbivu kila dakika 45, hata kama huna hamu. Ukingoja kiu umechelewa.

Kahuzi haupandwi kiholela. Uko ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1970, ikaingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1980, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Ruhusa huombwa, na hupandi bila mwongozo na walinzi wa hifadhi. Wakisema njia haipitiki kwa sababu ya usalama, kundi likubali bila mabishano na lisitafute njia ya panya. Kuna vilima vya karibu vya kuombea, na mlima hauhami.

Njiani, wa pili nyuma ya mwongozo awe yule dhaifu kuliko wote, na mwenye nguvu kabisa afunge safu. Kundi lililochanganyika lihesabu mita 300 za kupanda kwa saa. Kipimo cha mwendo ni rahisi: kila mmoja aweze kutamka mstari wa kwanza wa Zaburi ya 23 kwa pumzi moja. Akikatika katikati, mwendo ni mkali mno. Kuanzia mita 2,350 hadi 2,600 hivi ni eneo la mianzi, na hapo ndipo wengi huanguka. Majani yake makavu yanateleza kama sabuni, na visiki vya mianzi iliyokatwa vina makali; anayeanguka hunyoosha mkono na kiganja hukutana na kisiki. Bote za mpira zinafaa zikiwa saizi ya mguu, na soksi mbili. Za kuazima zenye nafasi hutoa malengelenge kabla ya saa sita.

Korale inivumilie kwa hili: msituni tusiimbe kwa sauti kubwa. Ni makao ya gorila. Mwenye mafua au kikohozi asije kabisa, kwa sababu magonjwa yetu ya kifua huwaambukiza. Mkikutana nao, msikimbie, kaeni angalau mita 10, fuateni ishara za mwongozo. Nyimbo zina nafasi yake juu, mianzi ikiisha na mimea ya mwinuko ikianza, ukiwemo ule uitwao Senecio kahuzicus, ambao umepewa jina la mlima huu.

Kileleni, badilisheni shati kwanza ndipo mpige magoti. Kila mtu awe na shati kavu na sweta ndani ya mfuko wa plastiki, na kipande cha shitingi (turubai la plastiki) cha kupigia magoti. Dakika 20 zinatosha.

Saa 7 mchana ni ya kugeuka popote mlipo, hata kama kilele kinaonekana. Hesabu za satelaiti zilizochapishwa mwaka 2016 ziliiweka Kabare ya pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kabare ndiyo tunayoipita kwenda Tshivanga, kituo cha kuingilia hifadhini. Mawingu ya radi hujikusanya mchana. Mkiona mwako, hesabuni sekunde hadi ngurumo. Zikiwa chini ya 30, ondokeni kileleni mara moja, mwachane kwa mita kadhaa, msijibanze chini ya mti ulio peke yake. Na radi ikimpata mtu, Mkristo asiwe wa kwanza kumtafuta mchawi kijijini. Aliyepigwa hana umeme mwilini: mguseni, na kama hapumui, anzeni kumkandamiza kifua.

Wakati wa kushuka mapaja yamechoka na watu wana furaha, hivyo hukimbia, na vifundo vya miguu huteguka. Hatua ziwe fupi, magoti yakunjwe kidogo, kila mtu awe na fimbo. Jua huzama karibu saa 12, na ndani ya mianzi giza hutangulia, kwa hiyo tochi ni za kila mtu. Karatasi yenye majina yote na saa ya kurudi aachiwe papa pasta mjini. Saa 1 usiku ikifika bila simu, apige hifadhini papo hapo, asingoje ibada ya asubuhi.