Nairobi ya vitabuni na Nairobi ya shemeji yangu

Shemeji yangu anaishi Donholm, Nairobi, huu mwaka wa 19. Alipokuja Kisumu kwa Krismasi tulikuwa sebuleni na watoto, runinga ikionyesha Nairobi Half Life, ile filamu ya 2012. Kijana Mwas alikuwa ndiyo kwanza anaingia jijini kutoka kwao mashambani, na kabla hajajua kulia na kushoto wezi wakamwacha mikono mitupu. Shemeji akachukua rimoti akazima. "Hiyo si Nairobi yangu," akasema. "Mimi naamka saa kumi na moja, napanda matatu, nafanya kazi, narudi. Jumapili kanisani. Nani atanitengenezea filamu ya hiyo?"

Nimekaa na swali lake miezi sasa, kwa sababu si la kupuuzwa. Anayelalamika kwamba vitabu na filamu zinaipaka Nairobi matope ana hoja. Pesa nyingi za filamu zetu zimetoka nje; hata hiyo aliyoizima ilizaliwa katika warsha iliyosimamiwa na mwongozaji wa Kijerumani, Tom Tykwer, ingawa aliyeiongoza ni Mkenya, Tosh Gitonga. Na mgeni akija na kamera, mara nyingi huipeleka Kibera, mtaa wa mabanda. Tumeambiwa miaka na miaka kwamba Kibera ina watu milioni moja, wengine wakaongeza. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070. Huitazami tofauti hiyo mara moja ukaipita. Mwaka huo Nairobi nzima ilikuwa na watu milioni 3.1, kwa hiyo kati ya kila watu 100 wa jiji, wasiofika sita ndio waliokuwa Kibera. Lakini wageni wengi wanaoijua Nairobi kwa filamu peke yake wakikumbuka nyumba ya jijini, wanakumbuka bati la Kibera. Ni kweli ziko Mathare, Mukuru, Korogocho na Kawangware, na idadi ndogo haimpunguzii taabu anayeteka maji kwa mtungi. Hata hivyo, mtu aliyeongezewa majirani laki nane asiowajua ana haki ya kukasirika.

Sisi wa Kisumu hatuhitaji kufafanuliwa uchungu huo. Kwa watu wengi wa nje mji wetu ni mtaa wa Kondele, maandamano na tairi linaloungua. Soko la Kibuye siku ya Jumapili, magunia ya mitumba na wanunuzi waliobanana bega kwa bega, hakuna anayelipiga picha.

Hata hivyo nadhani shemeji amemkamata asiye mwizi. Kamera iliyokuja wiki mbili ikaondoka na sura za watu bila majina yao, hiyo tuilaumu pamoja. Riwaya na filamu zilizotungwa na watu walioishi jijini ni jambo jingine, nazo zinahukumiwa kwa kurasa chache za mwanzo.

Chukua Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, iliyotoka 1986. Mwandishi alizaliwa Uingereza, akaolewa na Mjaluo, akaishi Kisumu, na msichana wake Paulina anaanza safari yake kwetu. Ni mwaka 1956, hali ya hatari ya wakoloni bado haijaondolewa, ana miaka 16, amepanda treni kwenda kwa mumewe Nairobi. Mimba inaharibika. Akitoka hospitali anapotea njia katika jiji asilolijua, analala nje ya kwake, na anapofika mume anampiga. Ukifunga kitabu hapo, utasema kweli Nairobi inakula watoto wa watu.

Lakini endelea. Paulina anarudi Nyanza, anajifunza kazi, anapata mshahara wake mwenyewe, anapata mtoto wa kiume, Okeyo. Mtoto huyo anauawa kwa risasi. Si River Road ya Nairobi, si Mathare. Anauawa hapa Kisumu, Oktoba 1969, siku Rais Kenyatta alipokuja kufungua hospitali ambayo wazee bado wanaiita Russia, na umati ukafyatuliwa risasi. Mimi hupita mbele ya hospitali hiyo karibu kila wiki, na tangu nisome riwaya ile sijaipita bila kumfikiria mtoto ambaye ni wa kutungwa, kwa sababu watoto wa kweli walikufa siku hiyo na wengi wetu hatujui majina yao. Baada ya msiba ni wapi Paulina anajiokota? Nairobi. Jiji lile lile lililompoteza linampa kazi, linampa chumba, linampa nafasi ya kuuliza maswali ambayo nyumbani asingethubutu, na kitabu kinapoisha ana mimba tena.

Mtu anayesema kitabu hiki kinaichafua Nairobi hajafika katikati yake. Na yule anayesema kinawasifu wa mashambani dhidi ya jiji naye hajafika. Hilo ndilo linalonifanya niwatetee waandishi hawa: tope la mwanzo ni mlango tu wa kuingilia. Mgeni hulikanyaga kwa sababu hana mwenyeji, hana anwani anayoielewa, na mzigo wake unamtangaza kutoka mbali. Mwandishi anayemwanzisha mtu wake penthausi hawezi kutuonyesha jiji linavyomgeuza mtu.

Going Down River Road ya Meja Mwangi, ya 1976, ni ngumu zaidi kuitetea mbele ya shemeji. Pombe nyingi, vyumba vibovu, lugha ya kutosha kumfukuza mtu wa kanisa. Lakini ndani yake kuna vibarua wanaojenga jumba refu liitwalo Development House, wanabeba zege ghorofa baada ya ghorofa, wakijua kwamba siku litakapokamilika kazi yao nayo itakuwa imekwisha. Kuna Ocholla, ambaye wake zake wawili wanamfuata na watoto kutoka nyumbani hadi kwenye kibanda chake. Kila mara nikikaa kwenye gari nikaona majumba ya Upper Hill yakichomoza, namkumbuka Ocholla. Ofisi ya shemeji imo katika jumba kama hilo. Nairobi anayoitetea ilibebwa kwa mabega ya Nairobi anayoizima kwa rimoti.

Basi nikamkumbusha jambo. Siku alipotuolea dada yetu alisimama kwenye karamu akasimulia alivyofika jijini. Alishuka kwenye kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus na sanduku la bati, mjomba aliyetakiwa kumpokea hakutokea, na alilikalia sanduku lile mpaka giza likaingia, akiogopa hata kwenda msalani. Jamaa mmoja mwenye adabu akajitolea kumwonyesha njia, akaondoka na viatu vyake vipya vilivyokuwa ndani ya mfuko. Watu walicheka mpaka machozi. Hakusimulia matatu ya asubuhi wala kanisa. Nilipomwambia hivyo alinyamaza, kisha akasema, "Hiyo ni yangu, naisimulia mimi."

Jibu hilo nalikubali, na ndipo naona dai lake halisi lilipo. Anataka asimuliwe na mtu wa upande wake, na asikomeshwe kwenye sanduku. Hapo watunzi wetu wana deni, hasa wanaoandika kwa Kiswahili. Yule mama wa mtaa wa Umoja anayefunga mlango gizani, anayelipa karo kwa pesa za chama cha kuweka akiba, anayetuma kidogo Siaya kila mwisho wa mwezi, sijamwona kwenye skrini akipewa saa moja na nusu zake peke yake. Anazistahili. Ila asipewe kwa kumwondoa Mwas.

Mtoto wa shemeji wangu mwingine anaingia chuo kikuu Nairobi mwezi Septemba. Nilimpa riwaya ya Macgoye. Wiki iliyopita alinipigia simu akasema amefika pale Paulina anapopotea, na kwamba yeye simu yake ataificha kwenye soksi. Nilimwambia soksi ni wazo zuri, lakini asiache kusoma kabla hajafika 1969.