Kabla ya bendera moja, mzigo upite

Jumamosi nilisimama Mtaa wa Kongo, Kariakoo, nikimtazama mama wa Lubumbashi, Kongo, akifungiwa vitenge. Kijana anazungusha utepe kwenye robota, mama anaandika jina lake juu kwa makapeni, herufi kubwa kubwa. Bei alishaikomalia mpaka ikashuka, kwa Kiswahili cha kwao, na wote tulimwelewa. Robota lile likiondoka wanakula wengi: mwenye duka, mbeba mizigo, dereva wa kirikuu, mwenye gesti, mama lishe. Kwangu muungano wa nchi jirani unaanzia hapo.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Lakini mzigo wa Lubumbashi unatokea mpaka wa Tunduma na kukatiza Zambia, ambayo haimo kwenye Jumuiya hii. Zambia, Kongo na sisi Tanzania tunakutana SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika. Kwa hiyo mama yule anabanwa na taratibu za zaidi ya kundi moja kwa robota lilelile.

Na ndani ya Jumuiya yenyewe? Soko la pamoja lipo tangu 2010. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu wa nafaka, kisha baada ya siku chache ikalegeza kwa masharti. Sumukuvu inaua, sibishi. Pimeni kila gunia. Ila mkulima aliyekwisha kupakia gari anafanyaje? Sisi nasi hatuna usafi wa kujivunia. Mwaka 2017 tuliteketeza vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya kupitia Namanga, kwa hoja ya mafua ya ndege. Vifaranga hai! Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Ndiyo maana wanaotaka shirikisho la haraka, rais mmoja na jeshi moja, siwaungi mkono kwa sasa. Si kwamba naidharau ndoto hiyo. Mwaka 1960 Mwalimu Nyerere alikuwa tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi hizi ziungane. Lakini Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Viongozi waligombana, wakagawana reli na ndege. Walioumia ni wafanyakazi. Wakazi wa Dar tunawakumbuka wastaafu wale, wazee wa mikongojo, wakiandamana kudai mafao yao miaka mingi baadaye.

Ardhi nayo ibaki chini ya sheria za kila nchi, kama itifaki ya soko la pamoja ilivyoacha. Shamba la kijiji likishauzwa halirudi.

Ninachodai ni kidogo, na kinawezekana mwaka huu: nchi ikitaka kuzuia bidhaa ya jirani, itangaze mapema, ieleze kipimo ilichotumia, na magari yaliyokwisha kuondoka yapimwe na kupitishwa, yasioze foleni mpakani.