Nani alikuwa amelala bustanini?

Katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, mzimu wa mfalme unamsimulia mwanawe habari iliyotangazwa kuhusu kifo chake: "sleeping in my orchard, a serpent stung me" (nikiwa nimelala bustanini mwangu, nyoka aliniuma). Kwa sarufi ya Kiingereza ya darasani, aliyekuwa amelala ni nyoka. Kitenzi cha -ing hakibebi mtenda, hivyo msomaji humtafuta kwenye kiima kinachofuata, na hapo anamkuta nyoka.

Mwaka 1918 William Strunk, profesa wa Kiingereza wa Marekani, aliweka kanuni kavu: kirai cha aina hii kikianza sentensi, lazima kirejelee kiima cha sentensi hiyo. Watetezi wa kanuni hiyo wana hoja. Soma hii: "Having taken the tablets for a week, the doctor stopped them." Nani alimeza vidonge? Tunajua ni mgonjwa kwa sababu tunaijua hospitali, ila sentensi yenyewe inamtaja daktari. Kwenye ripoti ya matibabu au mkataba, msomaji asiachiwe kazi ya kubuni.

Wapinzani wanajibu kwamba anayemsikiliza mzimu ule hamfikirii nyoka aliyelala. Tena kuna "Considering the price, the phone is good". Simu haikufikiria bei yoyote, na hata wakali hawailalamikii. "Judging by the clouds, it will rain" nayo inapita. Mtenda akiwa ni msemaji mwenyewe, au mtu yeyote yule, Kiingereza hulegeza kamba. Kanuni yenye milango mingi hivi ya kutokea ni vigumu kuiita sheria ya lugha. Mimi naiona kama ushauri mzuri wa uandishi.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili mtego huu una sababu yake. "Nikienda sokoni, mvua ilianza kunyesha" haina utata, maana ni- imeshamtaja mwendaji. Ukiipeleka Kiingereza ikawa "Going to the market, the rain started", ni- imedondoka njiani na mvua ndiyo inayokwenda sokoni. Lakini tusijivune. "Askari alimwona mwizi akikimbia": a- inawafaa wote wawili. Na "Baada ya kufika nyumbani, mvua ilianza kunyesha" tunaiandika kila siku, ilhali ku- haisemi nani alifika.

Kwa hiyo naegemea upande wa walegevu, isipokuwa pale ambapo watenda wawili wanagombea kitenzi kimoja. Kinachonikera zaidi ni dawa inayotolewa darasani. Mwanafunzi huambiwa abadilishe kiima, naye anaandika "Going to the market, I was rained on". Kanuni imeridhika, sentensi imekufa ganzi. Afadhali afundishwe "While I was going to the market, it started to rain", ambapo "I was" inafanya kazi ileile ya ni-, na mvua inaachwa inyeshe.