Tatizo si peremende peke yake

Nimesoma makala inayoshauri kwamba, ili kulinda meno ya watoto, tusiwabebee peremende tunapokwenda nao matembezini. Naunga mkono, ila jambo kubwa zaidi limeachwa: mtoto anakula mara ngapi? Kila sukari inapoingia mdomoni, bakteria huigeuza kuwa asidi inayomomonyoa meno, na mate huhitaji nusu saa hivi, pengine zaidi, kuituliza. Sasa mtoto anayenyonya juisi kidogokidogo njia nzima, meno yake yatapumzika saa ngapi? Hata juisi ya matunda halisi ina sukari, jamani! Zabibu kavu nazo hunata menoni. Wapeni maji, jibini, vipande vya matunda yasiyokaushwa, tena wale kwa mara moja, si kidogokidogo njia nzima. Karanga nzima msiwape walio chini ya miaka 5, zinaweza kuwapalia.