Mzio kati ya kipimo, urithi na mazingira

Tangu daktari Clemens von Pirquet alipolitunga neno aleji mwaka 1906, neno hilo, na mwenzake mzio, limepanuka mno vinywani mwa watu. Anayeumwa tumbo kila anapokunywa maziwa husema ana mzio, ingawa mara nyingi kinachomsumbua ni upungufu wa kimeng'enya cha kumeng'enya sukari ya maziwa, jambo lisilohusu mfumo wa kinga hata kidogo. Kutokana na mkanganyiko huo kumezuka misimamo miwili: wapo wanaotaka kila dalili ipelekwe maabara, na wapo wanaosema maelezo ya mgonjwa yanatosha.

Tuanze na kipimo chenyewe, yaani kile cha kudonoa ngozi. Muuguzi huchora alama kwenye ngozi ya mkono, chini ya kiwiko, akadondosha tone la kila kizio, yaani kitu kinachoshukiwa kuleta mzio, kando ya alama yake, kisha akaidonoa ngozi juu juu kupitia tone hilo. Mwishoni huweka matone mawili ya kulinganishia: la histamini, kemikali ambayo mwili huitoa wakati wa mzio, ambalo lazima livimbishe, na la maji ya chumvi, ambalo halipaswi kuvimbisha. Baada ya dakika 15 hadi 20 anachukua rula. Kivimbe kinachozidi kile cha maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi huhesabiwa kuwa chanya. Ikiwa mgonjwa alimeza dawa ya kuzuia histamini siku chache kabla, hata tone la histamini halivimbishi, na hapo majibu yote hayafai kusomwa.

Jibu chanya linathibitisha kwamba mwili umetengeneza kingamwili za aina ya IgE, zile zinazohusika na mzio, dhidi ya kitu fulani. Halithibitishi kwamba mtu akikila kitu hicho ataugua, kwa kuwa watu wengi wana kingamwili hizo na wanakula bila shida yoyote. Ukubwa wa kivimbe nao huonyesha uwezekano wa kuwapo mzio, wala hauonyeshi ukali wa shambulio litakalokuja. Kwa maoni yangu, hapa ndipo madhara makubwa hufanyika: mzazi anakabidhiwa karatasi yenye orodha ndefu ya vyakula, anamwondolea mtoto mayai, maziwa na ngano kwa mkupuo mmoja, na mtoto anaanza kudumaa. Isitoshe, mtoto mwenye ukurutu anayenyimwa chakula alichokuwa akikila salama anaweza kupoteza ustahimilivu wake na kupata mzio wa kweli. Vipimo vya kingamwili za IgG vinavyouzwa kwa jina la vipimo vya vyakula ni vibaya zaidi, kwani kingamwili hizo huonyesha tu kwamba mtu amewahi kula chakula hicho.

Hata hivyo, wanaotegemea maelezo peke yake nao wana kosa lao, na penisilini inaliweka wazi. Nchini Marekani, takriban mgonjwa 1 kati ya 10 ameandikiwa kwenye faili kuwa ana mzio wa dawa hiyo, lakini wakipimwa ipasavyo, zaidi ya 9 kati ya 10 wa hao huonekana wanaistahimili. Mara nyingi habari ilianzia kwenye vipele vya utotoni vilivyosababishwa na virusi, na tangu siku hiyo mtu hupewa antibiotiki nyingine, pengine zenye madhara zaidi au zisizofaa sana kwa ugonjwa wake. Kwa upande wa chakula, ushahidi wenye nguvu kuliko wote ni kumlisha mgonjwa kidogo kidogo akiangaliwa na wataalamu, adrenalini, dawa ya kuzima shambulio kali la mzio, ikiwa tayari mkononi.

Kuhusu chanzo, hoja ya urithi ni nzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu mzio wa karanga ulikuta kwamba pacha mmoja akiwa nao, mwenzake pia alikuwa nao katika asilimia 64 ya jozi za pacha wanaofanana, lakini katika asilimia 7 tu ya wasiofanana. Mwaka 2006 iligundulika kwamba hitilafu katika jeni ya filagrini, protini inayoimarisha tabaka la nje la ngozi, huongeza sana uwezekano wa ukurutu.

Lakini jamii mbili za wakulima nchini Marekani zinatuzuia tusiishie hapo. Waamish na Wahutterite wana asili inayokaribiana sana, ila Waamish hulima kwa mikono na wanyama karibu na nyumba zao, wakati Wahutterite hutumia mashine katika mashamba makubwa yaliyo mbali na makazi. Watafiti walioripoti mwaka 2016 waliona pumu kwa takriban asilimia 5 ya watoto wa Kiamish na asilimia 21 ya wale wa Kihutterite. Ni makosa kuugeuza ushahidi huu kuwa sababu ya kuacha kunawa mikono, maana kinachoelekea kulinda ni wingi wa vijidudu visivyodhuru, na maambukizi bado yanaua watoto.

Ngozi ndiyo inayoziunganisha hoja hizi mbili. Ngozi iliyodhoofika, iwe kwa jeni au kwa ukurutu, hupitisha chembe za chakula kabla mtoto hajakila, na kinga hukichukulia kama adui. Kwa msingi huo, utafiti uliofanyika Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015 uliwachukua watoto wachanga 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa mayai, nusu wakalishwa vyakula vyenye karanga na nusu wakazuiwa hadi umri wa miaka 5. Miongoni mwao walikuwamo 98 ambao kipimo cha ngozi kilikuwa tayari kimeonyesha kivimbe kidogo. Katika kundi hilo, mzio wa karanga ulipatikana kwa asilimia 35.3 ya waliozuiwa, na asilimia 10.6 ya waliolishwa. Walilishwa chini ya uangalizi wa kitabibu, na wenye vivimbe vya zaidi ya milimita 4 hawakuingizwa kabisa. Lakini daktari ambaye angekiona kile kivimbe kidogo na kupiga marufuku karanga papo hapo angewanyima baadhi yao kinga waliyoipata.