Sophie Germain Alistahili Darasa

Akitajwa Sophie Germain, mwanahisabati wa Ufaransa, watu hukimbilia kisa cha mishumaa. Binti wa mfanyabiashara wa Paris, aliyezaliwa mwaka 1776, akajifundisha hesabu usiku akiwa na miaka 13. Inasimuliwa kwamba wazazi walimnyang'anya mishumaa, wakamzimia moto na kumfichia nguo nzito, kisha asubuhi wakamkuta amesinzia mezani, wino umeganda kwa baridi. Wakanyoosha mikono.

Kisa kinagusa, lakini inanikera tunapoishia hapo na kumsifu kwa uvumilivu. Sifa hizo zinafunika alichonyimwa, na pengo lake linaonekana ndani ya kazi yake.

École Polytechnique, chuo cha sayansi na uhandisi cha Paris, kilipofunguliwa mwaka 1794, hakikupokea wanawake. Sophie alitafuta maandishi ya mihadhara, akampelekea mwanahisabati Lagrange, mhadhiri wa chuo hicho, kazi yake kwa jina la kiume, Le Blanc. Kwa jina hilohilo akamwandikia Gauss, mwanahisabati mashuhuri wa Ujerumani, mwaka 1804. Gauss alipotambua kuwa ni mwanamke, mwaka 1807, alimsifu kwa moyo mkunjufu. Lakini barua haiwezi kuwa darasa.

Tazama shindano la Akademia ya Sayansi ya Ufaransa kuhusu mitetemo. Mwaga mchanga juu ya bamba la chuma, pitisha upinde wa fidla ukingoni, na mchanga utajipanga wenyewe kwa michoro ya ajabu. Hesabu gani inaeleza hilo? Mwaka 1811 mshiriki alikuwa yeye peke yake. Wazo lilikuwa zuri, hesabu ikamwangusha: makosa ya mtu ambaye hakuna aliyemfundisha kwa mpangilio. Lagrange, mmoja wa majaji, ndiye aliyeusahihisha mlinganyo. Sophie alijaribu tena mwaka 1813, akashinda mwaka 1816. Ni miaka mingapi angeokoa kama angekuwa na mwalimu wa kumwendea? Na hata baada ya ushindi huo, hakuruhusiwa kuhudhuria vikao vya Akademia hadi mwanahisabati Fourier, akiwa katibu wake, alipomwombea nafasi.

Kwangu, kazi yake bora ni ile ya tatizo la Fermat: kuthibitisha kwamba mlinganyo aⁿ + bⁿ = cⁿ, kipeo n kikizidi 2, hauna jibu la namba nzima zisizo sifuri. Alithibitisha kwamba, kwa kila kipeo ambacho ni namba tasa witiri chini ya 100, mlinganyo ule ukiwa na jibu la namba nzima zisizo sifuri, basi mojawapo ya namba hizo tatu lazima igawanyike kwa kipeo hicho. Mwanahisabati Legendre akamtaja kwenye tanbihi tu ya maandishi yake. Mpango wake mpana wa kulimaliza tatizo lote ulibaki katika miswada na barua.