Mlinzi hakuniuliza kitu

Jumamosi mvua ilinikuta Bankside, London, nikaingia Tate Modern, jumba la maonyesho ya sanaa, kwa sababu moja tu: haja ndogo. Nimelowa chapachapa, viatu vinalia chwee chwee. Mlinzi akachungulia mfuko wangu, akasema asante. Basi. Hakuniuliza nimekuja kwa nani.

Nyumbani Tanzania mlinzi aliniuliza. Likizo ya mwaka juzi, galari moja ya Dar, nimevaa kandambili. "Una shida na nani, kaka?" Nikasema nimekuja kuangalia picha. Akaniacha juani, akaenda kuuliza ndani. Wakatokea wazungu wawili, nao kandambili, geti likafunguka lenyewe! Aliporudi nikamuuliza, yeye anapenda picha ipi? "Mimi huwa siingii, kaka. Mimi ni wa getini."

Sasa najua mtakavyonivaa. "Kapanda ndege juzi, leo anatufundisha sanaa." Jamani, mimi huku napiga deki hospitalini, sina cha kuringia. Na siwapambi hawa: Tate ni jina la tajiri wa sukari, na maonyesho yao makubwa wanatoza tiketi ya kukausha mfuko. Lakini kumbi nyingine ni bure, na hapo ndipo penye siri. Lile jengo lilikuwa kituo cha umeme, kikazimwa 1981. Walipolifungua kwa sanaa mwaka 2000 walitarajia wageni milioni 2 kwa mwaka. Wakaja zaidi ya milioni 5. Mwaka 2016 wakafungua jengo la nyongeza. Mnadhani wote wale ni wajuzi wa sanaa? Nusu ya niliowaona walikuwa wanatafuna sandwichi, watoto wanajiviringisha kwenye ule mteremko wa zege wa ukumbi wa mitambo.

Ukumbi huohuo, 2023, msanii El Anatsui wa Ghana alitundika mapazia makubwa ya vifuniko vya chupa, vimepondwapondwa na kushonwa kwa waya wa shaba. Nilicheka peke yangu. Sisi visoda tulivimalizia kwenye drafti! Bibi mmoja wa Kiingereza akaniuliza vimeunganishwaje, nikamweleza kwa madaha utadhani El Anatsui ni mjomba wangu.

Kwa hiyo msiniambie nyumbani hatuna vipaji; tunachokosa ni geti lililo wazi. Mchoraji Edward Tingatinga alianza na rangi ya mafuta na kipande cha hadibodi. Na msanii wetu George Lilanga, ambaye kazi zake leo wanazigombania Ulaya, miaka ya 1970 aliingia Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii pale Dar, kama mlinzi wa usiku. Mlinzi, jamani!

Desemba narudi, na kandambili zilezile. Yule kaka akiniuliza nina shida na nani, nitamwambia nimemfuata yeye, afunge geti dakika kumi twende wote ndani.